Kitanzi cha Kushoto

Basilia Chuquimia alikitazama kitanzi alichokuwa ametoka kukifuma, akakitazama tena, kisha akainua macho kuona kama kuna aliyemwona. Hakuna. Wenzake walikuwa wameinamia meza zao, wamevaa nyeupe kuanzia utosini hadi nyayoni, vinywa vimefunikwa, na chumbani hakikusikika kitu ila mvumo wa mashine ya kusafisha hewa. Akarudi kwenye lenzi. Macho hayakuwa yamemdanganya. Vitanzi vyote vya duara ya mwisho vilikuwa vimepinda kulia, kama inavyotakiwa, isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kimepinda kushoto.

Hakukumbuka kukipinda. Mkono ulikuwa umejifanyia wenyewe.

Sasa, mfumaji yeyote anaweza kukosea kitanzi. Binadamu si cherehani. Lakini hili halikuwa kosa la kuteleza. Kule nyanda za juu alikozaliwa Basilia, karibu na ziwa, sufu husokotwa kulia, na nguo yote hufuata mkondo huo. Kushoto ni kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule unayemhofia. Mjamzito, mtoto mgonjwa, kijana anayekwenda jeshini, hao ndio hutiwa uzi wa kushoto pembeni mwa nguo zao, ili baya linalokuja kuwatafuta likutane na uzi unaokwenda kinyumenyume, lichanganyikiwe, lipite. Mama yake Basilia alikuwa akifanya hivyo bila hata kuangalia, huku akigombeza mbwa. Basilia naye alijifunza bila kufundishwa. Kwa hiyo mkono ulipokwenda kushoto asubuhi ile, hakuhitaji kuambiwa ulikuwa ukimfikiria nani.

Tatizo ni kwamba pale karakanani hawakuwa wakifuma sufu. Walifuma waya, mmoja tu kwa kila kazi, mwembamba kushinda unywele wa mtoto, wenye tabia ya kukumbuka umbo lake hata uunyooshe vipi. Kazi yenyewe ilikuwa kizibo cha tundu la moyo: visahani viwili vilivyoungana migongo, si vikubwa kuliko kifungo cha koti. Kizibo hicho huvutwa kikanyooka, kikatiwa ndani ya mrija, mrija ukapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kikifika kwenye tundu husukumwa nje kikarudia umbo lake, kisahani kimoja upande huu wa ukuta, kingine upande ule. Hakuna kisu kifuani. Lakini vitanzi vyote sharti vielekee upande mmoja ndipo viteleze. Kimoja kikienda kinyume kinaweza kumng'ata jirani yake, na kisahani kikafunguka mshazari, au kisifunguke kabisa. Injinia Ledezma, msimamizi wao, aliwaambia hivyo siku ya kwanza, na hajaacha kuwaambia tangu hapo, hadi wanawake wanaweza kumwigiza sauti na kidole.

Basilia aliweka sindano chini. Kama mkono ulikwenda kushoto leo, ulikwenda wapi siku ile alipofuma kizibo cha Yovana?

Na Yovana, mjukuu wake, saa hiyohiyo alikuwa hospitali kule bondeni, wakimlaza mezani.

Alizaliwa na tundu moyoni, kama watoto wengi wa huku juu ambako hewa ni haba. Alikuwa mtoto wa kukaa. Wenzake wakikimbizana, yeye yuko kizingitini akiwaamulia, huyu kashinda, huyu mwongo, midomo yake ya zambarau kama aliyekula zabibu. Bibi yake mzaa baba alikwisha kuapa kwamba mtoto hatapasuliwa kifua, kwa sababu kifua kikifunguliwa roho hutoka, na ikitoka haina sababu ya kurudi. Usimcheke, hata Basilia, anayekula mkate wa hospitali, hakumcheka. Walipoelezwa habari za mrija na paja, bibi yule alitafuna majani yake ya koka taratibu, akafikiri, akasema pajani sawa.

Karakanani kulikuwa na sheria moja iliyowachekesha wanawake: ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kumfumia. Injinia alisema mkono wenye hofu haufai. Wanawake waliulizana wakati wa kuvua ovaroli, ikiwa bibi hafumi, nani afume? Tangu lini mtoto akavikwa nguo na mtu asiyemjua? Lakini walitii, kwa kuwa kazi ilikuwa njema na injinia hakuwa mtu mbaya. Oda zilikuja bila majina, ukubwa wa tundu na siku ya kazi, basi. Yovana alibeba jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo hata hospitali hakuna ambaye angeunganisha. Daktari alikuwa amemweleza Lidia, binti yake Basilia, ukubwa wa tundu na siku ya kuliziba, na oda ilipofika Basilia aliitambua mara moja.

Ikaangukia meza ya Hilaria Poma.

Hilaria alikuwa jirani yake kule El Alto, mji ulio juu ya bonde, ukuta kwa ukuta, na kazini alikuwa mwenzake wa kukaguana: kila mfumaji huangaliwa kazi yake na mwenzake kwa hadubini kabla haijaingia tanurini. Miaka yote hiyo Basilia alimwambia kila mwenye sikio kwamba Hilaria hufuma kama anayeshona gunia la viazi. Haikuwa kweli. Hilaria alikuwa mfumaji wa kawaida, mzito kidogo, asiyekosea. Ila Basilia alikuwa na mkono, na mwenye mkono mara nyingi ana mdomo pia. Moyo wa Yovana uzibwe na shona-gunia yule, naye bibi yake yupo, mzima, sindano mkononi? Hilaria alipokwenda kunawa, Basilia alibadilisha sinia zao.

Siku chache baadaye Hilaria akaharibu kizibo kizima. Injinia alimsema mbele ya wote, maana waya ule si wa kuchezea, na Basilia, Mungu amsamehe, alicheka ndani ya barakoa yake.

Sasa hakuna kilichomchekesha. Alijiambia kwamba kama kungekuwa na kosa, Hilaria angeliona kwenye hadubini, na kama angeliona angelitangaza hadi sokoni, kwa namna alivyosemwa vibaya miaka yote. Hakutangaza. Basi hakukuwa na kosa. Au lilikuwepo naye hakuliona, kwa maana macho ya Hilaria, Basilia alikwisha kuyasema mwenyewe mara nyingi, ni ya kuhesabia kondoo. Kila alipojituliza kwa hili, lile lilimwamsha. Alijaribu kuikumbuka siku ile ya kufuma, hakuona kitu ila alivyokuwa na furaha, na jinsi alivyokuwa akiimba kimoyomoyo wimbo wa kumlazia mtoto, na mkono ukijiendea.

Aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Kutoka chumba cheupe si jambo la kuinuka tu: unavua ovaroli, unavua viatu vya kitambaa, unavua kofia na kuiachia misuko yako miwili ya nywele, ndipo unaruhusiwa kuligusa kabati lako. Simu ilikuwa humo. Lidia alikuwa ameandika kwamba wamemwingiza, kwamba amelia kidogo tu, na kwamba mama amwombee. Basilia alianza kujibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta tena. Angeandika nini? Binti yangu, mwambie daktari asubiri, labda bibi amemfumia mtoto kifo chake? Akairudisha simu, akanawa hadi viwikoni, akavaa vyote upya, akaketi. Hakuweza kuushika waya. Akainuka. Akaketi. Mwanamke wa meza ya mbele aligeuka akamuuliza kwa macho kama ana tumbo la kuendesha.

Kusema kuna gharama yake. Angepoteza kazi, hilo alilijua. Lakini kilichomkaba zaidi, na tusimsitiri, ilikuwa aibu: yeye Basilia, ambaye wageni wakija karakanani huletwa kwenye meza yake kwanza, asimame mbele ya watu aseme amekosea kitanzi, tena kama mwanafunzi, tena mbele ya Hilaria. Alikaa na aibu hiyo kidogo. Wahenga wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kisingemjia yeye aliyeficha, kingempita yeye kimwendee mtoto wa kizingitini. Alipofika hapo katika mawazo yake alikuwa tayari amesimama, kizibo chenye kitanzi cha kushoto kiganjani, anatembea kuelekea kwenye chumba cha kioo cha injinia.

"Injinia, piga simu hospitali."

"Kuna nini, mama?"

"Mtoto anayetibiwa saa hii ni mjukuu wangu. Kizibo chake nimekifuma mimi. Nadhani nimekikosea."

Injinia Ledezma alikuwa mwanamke kijana, mtoto wa bondeni, aliyekulia kwenye nyumba zenye bustani. Alikiweka kile kizibo chini ya lenzi yake, akakiona kitanzi, akauliza kilifikaje pale. Basilia akamweleza habari za uzi wa kushoto, kwa haraka, akiruka maneno, akirudia mengine. Injinia hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, je, anajua kwamba cha mtoto kina kitanzi kama hiki, au anahofia?

"Mimi sijui. Mkono ndio unajua."

Injinia alinyanyua simu. Upande wa pili ilipokewa na nesi, aliyesema daktari hawezi kusogea, mrija umeshafika. Injinia alimwambia amsogezee daktari simu sikioni. Wakangoja. Basilia alisikia ndani ya ile simu sauti ya mashine ikihesabu moyo, ti, ti, ti, akajua ni moyo wa nani.

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Alikuwa Hilaria, barakoa imeshushwa hadi kidevuni, kinyume cha sheria.

"Mwambie daktari asihangaike," alisema. "Cha Basilia hakipo huko."

Wote wawili walimgeukia. Hilaria hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yalipomlazimu aliyatoa moja moja huku akitazama sakafu. Alisema alimwona Basilia akibadilisha sinia. Alijua ni kwa ajili ya nani, yeye si jirani? Akanyamaza, akaona amwache bibi afume. Kizibo kilipomjia kukagua, alikuta duara ya mwisho yote, si kitanzi kimoja, duara yote, imekwenda kushoto.

"Yote?" Basilia aliuliza.

"Yote. Imekaa vizuri, sijawahi kuona nzuri kama ile. Lakini kwa mrija haifai."

"Ukafanya nini?" injinia akauliza, simu bado sikioni.

"Nikakitoa. Nikasema ni changu, nimekiharibu. Nikapewa waya mwingine, nikafuma."

Injinia alifumba macho kidogo. Alikumbuka bila shaka jinsi alivyomsema. Basilia naye alikumbuka alivyocheka. Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ya mwanaume, tulivu lakini isiyo na muda wa kupoteza, akisema kizibo kimeshafunguka mahali pake lakini bado amekishikilia kwa waya wa mrija, bado anaweza kukirudisha. Akitakiwa akirudishe atakirudisha, akitakiwa akiachie atakiachia, ila waamue.

"Nisomee namba ya boksi," injinia alimwambia. Akaandika kwenye kompyuta yake, akatazama skrini, kisha akamtazama Hilaria. "Hapa pana jina lako. Una hakika na kazi yako, mama?"

Swali lilikuwa la haki, lakini aliyechomwa nalo ni Basilia. Maana alijua ni nani aliyelipanda shaka hilo katika chumba kile, kicheko kwa kicheko, mwaka baada ya mwaka. Hilaria aliinua macho kutoka sakafuni. Hakumtazama injinia, alimtazama Basilia, na Basilia akaelewa kwamba anaulizwa yeye.

"Ana hakika," Basilia alisema. "Hakosei huyu. Mwambie akiachie."

Injinia akasema kwenye simu, kiachieni. Ile mashine ikaendelea na ti zake, na hazikubadilika, si haraka zaidi wala si polepole zaidi, na baada ya muda ule mwanaume akasema vizuri, akakata.

Injinia Ledezma aliweka simu chini, akaagiza wote wawili wavue ovaroli. Walikuwa wamemdanganya kwa zamu, alisema, mmoja kwa kiburi na mwingine kwa huruma, naye hajui lipi ni baya zaidi kwa mgonjwa. Kesho wataongea, na wasitegemee atakuwa mpole. Leo waende. Alisema "waende" akimwangalia Hilaria pia, na Hilaria, ambaye hakuwa na mgonjwa hospitali, hakuuliza.

Walishuka bondeni kwa gari la kebo linaloning'inia angani, wameketi wakitazamana, kila mmoja ameiweka kofia yake magotini kwa sababu ya dari lililo chini. Chini yao mapaa ya bati yalipita, nguo zilizoanikwa, uwanja wa mpira usio na majani. Basilia hakuweza kuiacha mikono yake itulie. Aliikunja shali, akaikunjua. Alitaka kushukuru, na shukrani ilikuwepo, kubwa, lakini ilikuwa imekaa juu ya kitu kingine kilichokuwa kikiuma, nacho ni wivu. Ndiyo, wivu. Mtoto anapona, na huyu mama ana wivu. Maisha yote ya Yovana, akicheza ngoma, akiolewa, akizeeka, ndani yake kutakuwa na kazi ya shona-gunia, na duara nzuri kuliko zote alizowahi kufuma Basilia imetupwa kwenye ndoo ya mabaki.

"Kwa nini hukunisema?" aliuliza hatimaye. "Ulikuwa na nafasi. Mimi ningekusema."

"Najua ungenisema."

"Basi kwa nini?"

Hilaria alitazama nje. Gari lilitikisika kidogo lilipopita kwenye nguzo.

"Nilikuwa na wa kwangu, kule kijijini, kabla sijahamia kwenu. Midomo hivyohivyo. Siku zile ilikuwa kifua kipasuliwe, hakuna njia nyingine. Mama mkwe akakataa, nami nikanyamaza. Nilimfumia mkanda, dada. Kushoto tupu, kuanzia ncha hadi ncha. Kwa hiyo nilipokiona chako sikuona kosa. Nilijua nimekiona kitu gani."

Basilia alijua kila kitu kuhusu mtaa wao, nani kanunua bati, nani kafukuzwa na mume. Hili hakulijua. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta muda wote huo na hakuwahi kumuuliza. Hakusema pole, aliona pole haitoshi. Alifungua bahasha ya koka aliyokuwa nayo kifuani, akachagua majani mazima, akampa kwa mikono miwili. Hilaria akayapokea kwa mikono miwili.

Hospitali walimkuta Lidia amesimama mlangoni mwa wodi, amelia, bado amebeba mgongoni ile nguo ya kumbebea mtoto, tupu. Aliwaambia daktari ameshapita. Kizibo kimekaa, tundu limefungwa, damu inakwenda inakotakiwa. Alisema yote hayo bila furaha, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine. Basilia akamuuliza, sasa kuna nini?

"Njoo umwone, mama."

Yovana alikuwa amelala chali, mguu mmoja umenyooshwa na kufungwa bandeji juu ya paja, asiukunje. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Basilia hakuwahi kuiona usoni pale, rangi ya midomo tu, kama ya watu. Macho yalikuwa wazi. Yalitazama dari. Lidia alimwita, hayakugeuka. Alimshika shavu, mtoto akaacha lishikwe. Nesi alisema ni dawa ya usingizi, watoto wengine huchelewa kurudi, wampe muda. Lakini alikwisha kusema hivyo mara ya kwanza na ya pili, na wenzake wa vitanda vya jirani waliotiwa dawa asubuhi hiyohiyo walikuwa wameamka wanadai juisi.

"Roho haipo," Lidia alinong'ona. "Ameshtuka wakati wanamwingiza, alinililia, nikaambiwa niishie mlangoni. Imebaki huko. Mwite, mama."

Basilia ndiye aliyekuwa mwitaji wa roho katika familia yao. Alimwita Lidia alipoanguka kisimani akiwa mdogo, alimwita mumewe baada ya ajali ya lori, na wote walirudi. Alichukua sweta la Yovana lililokuwa kwenye kiti, akalishika mabegani kama vile mtoto yumo, akauelekea mlango, akafungua kinywa.

"Yovana," aliita. "Njoo, Yovana. Njoo, mama. Twende nyumbani."

Sauti yake ilitoka, lakini yeye mwenyewe aliisikia haina kitu ndani. Roho huifuata sauti iliyotulia, ndivyo alivyofundishwa. Sauti yenye wasiwasi huiogopesha ikazidi kwenda mbali. Naye hakuwa ametulia tangu asubuhi, hata sasa hakuwa ametulia. Aliita tena, na mara ya tatu. Kitandani macho yalitazama dari. Lidia alianza kulia upya, taratibu, shali mdomoni.

Hilaria alikuwa amebaki ukutani, kofia kifuani, kama mtu aliyeingia harusi ya watu. Basilia alimwendea akamnyooshea lile sweta.

"Mwite wewe."

"Mimi?" Hilaria alirudi nyuma nusu hatua. "Mimi si wa damu, dada. Mimi ni mtu baki."

"Chako ndicho kimo ndani yake. Mimi nimemaliza kila nilichokuwa nacho kwa hofu. Wewe hukuogopa."

"Niliogopa."

"Lakini mkono wako haukuogopa. Shika."

Hilaria alilitazama lile sweta. Lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa, limetatuka kiwiko. Basilia alimwona anavyolitazama, akajua kwamba si sweta hili peke yake analoliona, na kwa muda alidhani ameomba kitu ambacho mtu hapaswi kuombwa. Kisha Hilaria akaweka kofia yake chini ya kitanda, akalichukua. Hakulishika mabegani kama alivyofanya Basilia. Alilikumbatia kwanza, akalipasha joto mwilini, ndipo akalifungua mbele yake na kuugeukia mlango.

Aliita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula. Hakusihi. Alitaja jina, akasubiri, akataja jina tena. Alimwambia supu iko motoni. Alimwambia mlango uko wazi, mbwa amefungwa, hakuna wa kumgombeza. Wale wa juisi waliacha kudai, wakageuza vichwa. Nesi aliyekuwa anapita na kigari cha dawa alisimama, akanyoosha mkono kuufunga mlango kama kawaida yake ya wakati wa mapumziko, akaliona sweta, akaona nani kalishika na anaelekea wapi. Alikuwa mtoto wa kule juu, ilionekana kwenye mashavu yaliyobabuliwa na baridi. Aliuachia mlango usifungwe, akauzuia kwa unyayo wake uwe wazi kabisa, akatazama pembeni.

Basilia hakugeuka kuangalia kitanda. Alisikia Lidia ameacha kulia, hakujua kwa nini, hakuthubutu kujua. Alikuwa amesimama katikati ya njia, baina ya mlango na mtoto. Hilaria akaita tena, Yovana, njoo, mama, na Basilia akazivuta sketi zake karibu kwa mikono yote miwili, akajibana ukutani, akaacha nafasi ya mtu mdogo kupita.